Mzinga wa Besi

Jua lilikuwa linatua Mkiwa, pale njia panda ya kwenda Rungwa, na mimi nimesimama kando ya barabara nagombana na mtu juu ya spika.

"Calist, hizi ni za gari. Mimi gari sina. Nina sebule!"

"Kaka, besi ni besi," akasema Calist, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza viungo vya magari yaliyochinjwa. "Zifunge, uone hiyo sebule itakavyotembea."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu kiliingia: mitumba, redio za Dubai, mikanda ya video. Kilichotoka ni watazamaji wangu. Mimi nimechekesha watu Singida mjini tangu sijaota ndevu. Nikipanda jukwaani tu, nauliza: "Mpooo?" Ukumbi mzima unaitika: "Tupooo!" Sasa watu walewale walikuwa wanakimbilia disko, kwenye besi inayomtikisa mtu figo. Sultani, mwenye ukumbi, alishaniambia waziwazi: Jumamosi njoo na muziki mzito, la sivyo jukwaa nampa mtu wa disko.

Spika nikazipata, mbili, za inchi kumi na mbili. Boksi sina. Na bei ya mbao ilikuwa ya kumfanya mtu alie mbele ya wakwe.

Ndipo nikauona mzinga. Mzinga wa nyuki, ule wa gogo lililotobolewa, umelala kwenye kuni.

"Huo umeshuka na lori la Rungwa," Calist akasema. "Mwenyewe hajulikani. Ubebe."

Ubavuni ulikuwa na alama ya kisu, mfano wa mguu wa ndege. Kila mfuga nyuki ana alama yake, hata mtoto wa huku anajua. Lakini mimi niliona boksi la bure.

Nyumbani mke wangu, Dorika, akashika kiuno. "Baba Rebeka, mzinga ndani ya nyumba? Na wenyewe wako wapi?"

"Mama Rebeka, huu ni muziki."

"Muziki wa kuuma watu."

Huyo ndiye mke wangu. Nilimpata jukwaani, yaani yeye alikuwa kiti cha mbele, anaitika "Tupooo!" kuliko ukumbi mzima. Tumezaa, binti kaolewa, na bado ukimwita hivyo hawezi kujizuia. Mdomo unafunguka wenyewe.

Nikaanza kazi. Spika za gari ni za ukinzani wa omu nne, na amplifaya yangu ya nyumbani inataka nane. Ukiipa nne inachemka kama chai. Nikaziunga kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, nikapata nane. Spika moja mwisho huu wa gogo, nyingine mwisho ule. Tundu la katikati, walipokuwa wakiingilia nyuki, likawa la kupumulia besi. Fundi gani Dar angefikiria hayo? Nikapiga msasa mpaka alama ya kisu ikafutika. Nikapaka vanishi. Ukang'aa.

Kabla ya kuwasha nikainama, nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Mpooo?"

Dorika, aliyekuwa anafagia hapohapo mgongoni kwangu: "Tupooo!"

Tukacheka mpaka tukafuta machozi.

Mzinga haukucheka.

Nilipowasha, muziki haukutoka. Ulitoka mvumo. *Mmmmmm…* Nikabadilisha waya. *Mmmmmm…* Nikafunga waya wa ardhi kwenye bomba. *Mmmmmm…* Nikaitukana amplifaya, nikamtukana Calist na aliyemzaa, nikaupiga teke mzinga nikaumia kidole. Ijumaa jioni, bado mvumo! Kesho jukwaa linakwenda, na mimi nimekaa sakafuni, bisibisi mkononi, jasho, hasira, njaa. Na harufu. Moshi wa zamani… na asali iliyochacha.

Umeme ukakatika.

Taa ikazima. Redio ya jirani ikanyamaza. Mtaa mzima kimya.

*Mmmmmm…*

Nikashika waya wa amplifaya. Nikauchomoa ukutani. Nikauchomoa na kwenye spika.

*Mmmmmm…*

Kisha mvumo ukasita, kama mtu anayevuta pumzi. Na kwenye lile tundu, sauti nzito, taratibu:

"Tu…po."

Bisibisi ikanidondoka.

Hapohapo mlango ukagongwa. Alikuwa mzee mrefu, koti linanuka moshi.

"Shikamoo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kuku.

"Marahaba. Natoka Rungwa. Nafuata mzinga wangu."

Nilitaka kumbusu! Nikamvuta ndani. "Ni huu hapa, mzee. Chukua. Chukua na spika zake!"

Akapapasa ubavu wa gogo gizani. Akapapasa tena. Mkono ukasimama.

"Alama yangu iko wapi?"

"Nili… nilipiga msasa."

Akaurudisha mkono wake kama ameungua.

"Basi si wangu tena. Hauna mwenyewe." Akanong'ona: "Sisi tukitundika mzinga tunaunong'oneza, tunaita nyuki. Ni siri ya mtu na mzinga wake. Wewe umeunong'oneza?"

"Niliita tu, kwa utani."

"Nani aliitika?"

Nikageuka. Dorika alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kibatari, kanga kaiuma kwa meno.

Mzinga ukajibu wenyewe. Haikuwa sauti nzito safari hii. Ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa ya kiti cha mbele.

"Tupooo!"

Kibatari kikaanguka.

Mzee alikuwa ameshafika uani. Nikamkimbilia. "Mzee, niuchome moto?"

"Uchome," akasema bila kugeuka, "kama unajua kilichomo ni cha nani."

Jumamosi sikupanda. Mtu wa disko alipanda, na wanasema watu walicheza sana. Nilimwuliza Calist juu ya mzee yule. Akasema hakuna mtu wa Rungwa aliyepita Mkiwa juma lile. Labda hakumwona. Labda.

Dorika yupo. Anapika, anafua, ananisema kama kawaida. Ila mwanzoni mwa masika nilikuwa uani, nikamwita. Akageuka, akafumbua midomo, "Abee." Niliona midomo ikisema. Sauti sikuisikia. Ikaja baadaye kidogo, kama kwenye mkanda wa video uliochakaa, midomo mbele, maneno nyuma.

Na haikutoka kwake. Ilitoka sebuleni.

Mzinga uko palepale. Spika nilishazing'oa, nikaziba miisho yake kwa vibao. Kila asubuhi naufuta vumbi kwa kitambaa laini, mimi niliyeupiga teke. Niseme nini? Nikiuchoma, mke wangu atabaki na midomo mitupu. Jukwaani sirudi, siwezi tena kuwauliza watu wapo au hawapo.

Juzi Calist alikuja mjini, akauona. "Kaka, hilo boksi bado unalo? Nipatie, nina mteja."

Dorika alikuwa anammiminia chai. Akatikisa kichwa, akafumbua midomo. Tukangoja.

"Hatuuzi," ikasema sebule.

Calist akacheka, akadhani ni mchezo wangu wa jukwaani. Mimi sikucheka. Sauti ya Dorika naijua, nimeisikia tangu enzi za kiti cha mbele.

Ile haikuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na wengine, wengi, wanaitikia chini kwa chini… *mmmmmm*…

Na chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani, mezani, sakafuni. Dorika hakuiona. Alikuwa ametega sikio.