Kimya cha Chumba cha Ultrasaundi

"Mama, umekojoa?"

Mshonaji aliona haya. Alikuwa amelala chali, tumbo wazi, jeli ya baridi imeshapakwa.

"Nimetoka chooni sasa hivi. Nilitaka niwe safi."

"Basi ndo umeharibu," mpimaji alisema. "Mimba changa nikiipima kwa juu ya tumbo, kibofu lazima kijae ndipo nione vizuri. Kanywe maji, mkojo ukikubana urudi."

Akaketi kwenye benchi la nje na chupa yake, roho juu juu. Nyumbani hakuna aliyejua. Mimba ya kwanza ilipoharibika, mumewe seremala alikivunjavunja kitanda cha mtoto alichokuwa amekiunda, akasusa chakula, akasusa maneno. Safari hii mshonaji alijiapiza: hasemi mpaka auone moyo wa mtoto unapiga.

Simu ikaita.

"Mke wangu, uko wapi?"

"Dukani, nanunua vitambaa."

Ole wake! Mpimaji akachungulia mlangoni, akaita kwa sauti ya kuitia watu sokoni:

"Mama wa ultrasaundi! Mkojo umeshabana?"

"Bado!" mshonaji alijibu, kisha akajiuma ulimi, simu bado sikioni.

Mumewe akauliza polepole:

"Vitambaa gani hivyo vya kubana mkojo?"

Akakata. Ujumbe ukaingia: *Mashine hiyo iko hospitali moja tu hapa kwetu. Nakuja. Usiondoke.*

Alifika anahema, vumbi la mbao limemjaa nywele.

"Una mimba?"

"Ndiyo."

"Na mimi ni nani wako? Jirani?"

"Niliogopa."

"Uniogope mimi? Nimewahi kukuinulia mkono?"

"Naogopa huzuni yako!" Machozi yalimlenga, akayazuia. "Ile ya kwanza ilipotoka ulilia, ukavunja kitanda, watu wote wakaja kukupa pole wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakubembeleza, na damu bado inanitoka!"

Seremala akajikuta amekaa.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Mpimaji alipoita tena, mkojo ulikuwa umebana kwelikweli. Wakaingia wote wawili.

"Nitakandamiza kidogo, vumilia," mpimaji alisema. "Na nikinyamaza msitishike. Natazama kwanza, kisha nawaonyesha."

Akanyamaza. Skrini ilimtazama yeye peke yake. Alitelezesha kifaa huku na huku, akabonyeza, akarudi palepale. Mshonaji alikodolea macho dari. Mbona anarudia hapo? Mbona hata hatabasamu? Lo, huyu naye amekufa, wameshakuwa wawili!

Seremala akamwinamia sikioni.

"Unaogopa?"

Tangu msiba ule, hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri.

"Sana."

"Na mimi. Lakini leo usinihurumie. Nishike tu mkono."

Mpimaji akaigeuza skrini.

"Tazameni hapa katikati. Hicho kinachochezacheza ni moyo. Daktari atawasomea majibu yote, lakini huo moyo unapiga vizuri."

Seremala akacheka kwa sauti, akamgeukia mkewe. Mwanamke alikuwa analia kilio kizito cha matanga, mabega yanaruka.

"Mke wangu! Si yuko hai?"

"Namlilia yule wa kwanza," alisema kwa shida. "Sikuwahi kumlilia."

Mpimaji alizima mashine, akatoka, akawafungia mlango taratibu. Seremala alimwinua mkewe, jeli ikampaka shati zima, akamkumbatia.

"Lia," alimwambia. "Lia, mama. Mimi nipo, nakubembeleza."