Siku Mama Chiriku Aliporudisha Funguo

Wapangaji waliamua kwamba mama yake Chiriku afagie ngazi zote za jengo, kila siku, peke yake, kwa sababu hana kazi. Aliyewapa sababu hiyo alikuwa Chiriku mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili jioni, kwenye kikao cha wapangaji uani. Kabla ya siku hiyo ngazi zilifagiliwa kwa zamu, kila nyumba wiki yake, na zamu zilikuwa zimegeuka ugomvi. Seremala wa ghorofa ya kwanza alifagia vidato viwili vya juu, vilivyobaki akaviachia upepo. Muuguzi wa ghorofa ya pili alirudi kutoka hospitali miguu imevimba, na akiuona ufagio alifumba macho. Karani wa ghorofa ya tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alisema mgongo wake hauinami, ingawa kamba za viatu alifunga mwenyewe. Kila mtu alikuwa na kazi. Ndipo karani alipouliza: hivi mchana hapa anabaki nani?

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Watu walimpa jina la ndege huyo kwa sababu na yeye hanyamazi. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, amembeba mmoja wa wadogo zake pacha, na jibu likamtoka kabla hajalimeza.

"Mama yupo," alisema. "Yeye yupo tu nyumbani. Hafanyi kazi."

Watu wakacheka. Karani akasema mtoto hasemi uongo, basi neno limekwisha, na seremala akapiga makofi. Baba yake Chiriku, fundi mitambo kiwandani, alitazama viatu vyake. Mama, aliyempakata pacha wa pili, alimwangalia binti yake, kisha akamwangalia karani.

"Nimesikia," alisema. 

Chiriku hakuona kosa lake. Wiki ile ile mwalimu alikuwa amewataka wanafunzi waseme kazi za wazazi wao. Binti wa muuguzi, ambaye wenzake walimwita Miwani, alisimama na kusema mama yake anaokoa maisha ya watu. Chiriku alisema baba yake ni fundi mitambo. Alipoulizwa kuhusu mama, alisema hana kazi, akakaa upesi. Njiani Miwani alimtania kwamba mama yake amestaafu kabla ya kuajiriwa. Chiriku alicheka pia, kicheko cha mtu mwenye jino linalouma.

Ukweli ni kwamba mama yake alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate hadi pacha walipozaliwa. Walipopata miezi michache, yeye na baba walikaa chini wakaulizana nani abaki na watoto. Mshahara wa baba ulikuwa umezidi kidogo. Akabaki mama. Hakuna aliyemfanyia sherehe.

Nyuma ya mlango wao, kwenye nyumba ya chini kabisa, kulikuwa na misumari, na juu ya misumari zilining'inia funguo za nyumba zote za jengo. Jambo hilo lilianza na muuguzi, aliyeacha ufunguo siku moja tu ili fundi bomba apate kuingia. Seremala akaona na yeye aache wake. Karani akafuata. Ikawa desturi.

Katika mtaa huo maji yalitoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, wakati wenye kazi wako kazini. Siku hizo mama alimfunga pacha mmoja mgongoni, akamshika mwingine mkono, akapanda ngazi na funguo zake. Alifungua nyumba moja baada ya nyingine, akajaza mapipa, akafunga mabomba na kushuka. Mwuza gesi akija, mama ndiye aliyepokea mitungi. Seremala alipoondoka akasahau maharage jikoni, ni mama aliyepanda kuzima jiko. Hakuna aliyeyaita hayo kazi. Waliyaita "Mama Chiriku, nisaidie kidogo."

Jumatatu asubuhi, watu wakishuka kwenda kazini, walimkuta mama amesimama chini ya ngazi. Mkono mmoja alishika ufagio, mwingine bakuli lenye funguo. Chiriku, begi mgongoni, alisimama pembeni.

"Mwenyekiti, ufunguo wako huu," mama alisema.

Karani alidhani anataniwa. "Wa nini tena, Mama Chiriku? Leo si siku ya maji?"

"Ndiyo. Lakini jana mmenipa kazi. Na mwenye kazi hana muda wa kukaa nyumbani tu."

Seremala alicheka, akasema wanawake kwa kununa hawajambo, jioni ufunguo utarudi kwenye msumari. Mama akampa na yeye wake. Muuguzi alipokea ufunguo, akauangalia kiganjani kama dawa asiyoijua. Kisha mama akaanza kufagia kutoka juu hadi chini, taratibu, vidato vyote, kama walivyoamua.

Siku hiyo maji yalikuja na kuondoka. Jioni mapipa yote yalikuwa makavu isipokuwa ya nyumba ya chini, na watu walipanga foleni mlangoni kwa mama na ndoo. Mama alimpa kila mmoja ndoo moja ya kunywa na kupikia, kwa sababu maji hayanyimwi mtu. Ya kuoga hakutoa. Seremala aliambiwa mwuza gesi alikuja, akabisha hodi kwake mpaka akachoka, akaondoka na mtungi. Seremala alikula mkate mkavu.

Chiriku alimwuliza mama yake kama amekasirika.

"Nimechoka," mama alisema, huku akimvisha pacha nguo. "Nimechoka kuwa kabati. Kila mtu anaweka chake na kuondoka. Nani huliuliza kabati linaonaje?"

Hakumgombeza. Chiriku alitamani agombezwe yaishe.

Jumatano karani alishuka ngazi akiwa na furaha. Alimweleza seremala, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya chini, kwamba yeye hana haja ya kumbembeleza mtu. Ameacha bomba wazi, mpira wa maji umeingia ndani ya pipa. Maji yakija yatajijaza yenyewe, na yakizidi yatatoka kwenye tundu la bafuni. Akili ni mali, alisema, akainyoosha tai yake na kwenda zake.

Asubuhi hiyo hiyo, darasani, Miwani aliinamisha kichwa juu ya dawati akaanza kutetemeka. Mwalimu alimgusa paji la uso, akampigia simu muuguzi. Simu iliita bila kupokelewa, maana wodini simu hufungiwa kabatini. Baba yake Miwani alifanya kazi mji wa mbali. Mwalimu akauliza kama kuna mtu mwingine.

"Mpigie Mama Chiriku," Miwani alisema kwa sauti ndogo. "Yeye hupatikana."

Chiriku alisikia neno hilo, akaliokota begi la Miwani. Mama alifika punde, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, vumbi la ngazi kwenye gauni. Mwalimu akamruhusu Chiriku aende nao ili amsaidie kubeba. Njiani Chiriku hakuweza kunyamaza. Aliuliza kwa nini amekuja, na ufunguo wa muuguzi alisharudisha.

"Ufunguo nilirudisha," mama alisema. "Mtoto sikurudisha."

Walipokata kona ya mwisho wakaona maji. Yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mlango mkuu wa jengo hadi barabarani. Ndani, yalishuka ngazi kidato kwa kidato kutoka ghorofa ya tatu.

Mama hakupiga kelele. Alimlaza Miwani kitandani, akawakalisha pacha kando yake, akafunga mlango. Alimwambia Chiriku asiguse ukuta, akazima swichi kuu ya umeme iliyokuwa karibu na lango, sehemu ambayo bado ilikuwa kavu. Kisha wakakimbilia koki kuu ya maji, chini ya mfuniko wa chuma uani. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akazungusha. Haikusogea.

"Njoo," alisema. "Shika hapo, nikisema vuta, vuta kwa nguvu zako zote."

Walivuta. Chiriku alisikia misuli ya mama yake ikitetemeka begani kwake. Koki ikalia, ikasogea kidogo, ikagoma, kisha ikazunguka ghafla, wote wawili wakaanguka na makalio kwenye matope. Sauti ya maji ndani ya mabomba ikafifia mpaka ikafa. Walitazamana, wamelowa kama vifaranga, na Chiriku ndiye aliyeanza kucheka.

Milango ya juu ilikuwa imefungwa, na funguo ziko mifukoni mwa wenyewe. Mama alimpigia karani simu. Wakati wa kumsubiri, walichukua ufagio wa ngazi wakasukuma maji yatoke nje yasiingie kwa seremala. Kidato baada ya kidato, mama juu, binti chini. Miwani naye aliwekewa kitambaa cha maji kichwani, akanyweshwa uji, na kila mara mmoja wao aliingia kumtazama. Alipojisikia nafuu aliwaimbia pacha wimbo wa shuleni, nusu yake kakosea.

Karani alifika amevua viatu. Alipofungua mlango wake, maji yaliyobaki yalimpokea miguuni. Mpira ulikuwa umeruka nje ya pipa, na tambara la kupigia deki lilikuwa limekaa juu ya tundu la bafuni kama kizibo. Zulia lilielea. Godoro aliloliacha sakafuni lilikuwa limekunywa mpaka likashiba. Chini yake, kwa muuguzi, dari la chumba kimoja lilikuwa limeanguka.

Muuguzi alirudi mchana, baada ya kuona simu ya mwalimu, na bila kupanda kwake akaingia kwa mama. Alimkuta binti yake amelala, homa imeshuka. Akakaa kwenye kigoda na kulia kidogo, kisha akaomba ufagio.

Jua lilikuwa halijatua walipokusanyika uani. Karani alikuwa hana tai. Alianza kusema kuhusu bahati mbaya, akaona nyuso za watu, akaacha.

Chiriku akainua mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba ruhusa ya kusema.

"Nilisema mama hafanyi kazi," alisema. "Nilisema hivyo kwa sababu halipwi. Shuleni pia nilisema hivyo. Nilikosea. Mama, nisamehe."

Baba yake aliinuka, akasema kosa la mtoto ni dogo kuliko lake. Mtoto alisema asichokijua, lakini yeye alijua, akatazama viatu. Alimwomba mkewe radhi mbele ya watu wote, na seremala, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi, alikohoa na kusema hata yeye.

Karani akauliza, kwa upole ambao hawakuwahi kuusikia kwake, kama Mama Chiriku atakubali kupokea tena funguo.

"Nitapokea," mama alisema. "Lakini nitapokea kama mwenzenu, si kama kabati. Ngazi zirudi kwenye zamu, na nyumba yangu iondolewe, kwa sababu zamu yangu ni maji. Siku nikiumwa au nikiwa na safari, mmoja wenu ataomba ruhusa kazini abaki. Na zamu ya kwanza ni ya mwenyekiti. Kesho."

"Mgongo wake hauinami," seremala alisema.

"Leo nimeuona ukikamua zulia," muuguzi alijibu.

Uani kulivuma kicheko, na karani mwenyewe akacheka. Wakapiga kura. Mikono yote ilikwenda juu, hata ya pacha, ambao walidhani ni mchezo.

Asubuhi iliyofuata watoto waliokuwa wakienda shule walimkuta karani kwenye ngazi, suruali imekunjwa hadi magotini, anafagia na kuinama vizuri kabisa. Miwani alikuwa amepona. Njiani alimwambia Chiriku kwamba mwalimu akiuliza tena, yeye atasema mama yake anaokoa maisha, na Mama Chiriku anaokoa waokoaji. Chiriku akamwambia asimwibie maneno, hayo atayasema yeye.

Jioni alimkuta baba yake akimpaka mama mafuta mkononi. Baba akamwita akae.

"Kiwandani mashine ikifanya kazi vizuri hakuna anayeitazama," alisema. "Wanaitazama siku ikisimama. Kazi ya nyumbani ni hivyo hivyo. Usimpime mtu kwa mshahara wake, mwanangu, wala usisubiri asimame ndipo ujue alikuwa anabeba nini. Sisi tumesubiri. Sasa hesabu tumelipa nini."

Chiriku alihesabu kwa vidole. Godoro la karani. Zulia lake. Dari la chumba cha muuguzi. Siku ya kazi ya karani. Chakula cha jioni cha seremala. Akafika kwenye mkono wa mama yake uliokuwa mapajani kwa baba, akaona ngozi ya kiganja iliyochunwa na koki, akauhesabu na huo.