Ukihamia kwa Dorice

"Mpanda kwa gari namba tatu! Selestine, unanipata? Ova!"

Redio koli ilikoroma tu. Pale kituoni Mpanda, Theopista alibonyeza tena. Ilikuwa Machi 1996, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na mchumba wake alikuwa peke yake njiani akipeleka dawa za misheni Karema.

Akahamia chaneli mbili, ya kituo cha Karema.

"Dorice, huyo mwanaume yuko kwako?"

"Dada Theo, mbona unaniuliza mimi? Tangu asubuhi hajaniita! Na lile daraja la magogo limesombwa, lori limerudi sasa hivi. Pale kwenye kona haoni kitu mpaka awe juu yake!"

Kila dereva aliujua utaratibu: ukishapita mlima, Mpanda haikupati tena, unazungusha kitufe unahamia Karema. Redio ya gari haihami yenyewe, na hakuna kituo kinachoweza kuivuta. Lakini Jumapili Theopista alikuwa amemwapisha Selestine: "Ukihamia kwa yule Dorice, posa yako ichukue." Na kijana wa watu akashika neno. Wivu huu, jamani!

"Dorice, ni mimi. Nilimkataza kuhamia kwako."

"Kwa nini, dada?"

"Nilikusikia unamwita Sele wangu."

"Madereva wote nawaita hivyo! Nakaa huku na redio tu, nyie ndio watu wangu."

"Utanigombeza baadaye. Yeye haji kwako, basi mfuate wewe. Hamia chaneli moja, ya huku Mpanda!"

Wakahamia wote wawili. Milingoti ya vituo ilikuwa mirefu, hivyo Theopista alimsikia Dorice vizuri. Lakini Selestine, aliyekuwa nyuma ya mlima, Theopista hakumsikia hata kidogo.

"Selestine, hapa Dorice. Simama, daraja halipo! Ova... Hapana. Hapana, sikutegi!... Dada Theo, amejibu, lakini anasema ameapa, haongei na mimi. Bado anaendesha!"

Theopista aligeuka. Mzee Rafaeli, mkuu wa magari, alikuwa amesimama mlangoni na wauguzi wawili, wote masikio wazi. Aibu ikampanda, akaimeza.

"Mwambie kiapo nimekifuta. Mwambie Theo amekosa, na Theo anampenda. Mwambie hivyohivyo, neno kwa neno!"

Dorice akasema. Theopista alilisikia penzi lake likitoka kwenye kinywa alichokiogopa kuliko vyote, akauma mdomo.

"Dorice? Amesemaje?"

"Subiri..."

"Dorice!"

"Amefunga breki. Maji yako mbele yake, hatua kumi. Analia, dada."

Theopista akalaza kichwa mezani, naye akalia mbele ya wote.

"Anauliza, sasa anaruhusiwa kuhamia chaneli mbili?"

"Ahamie," akasema. "Na wewe ongea naye mpaka maji yapungue. Asikae peke yake."