Sauti Iliyoitikia

Wiki ya pili ya masomo, mhadhiri wa takwimu alipoita jina la yule msichana ambaye kwao walimwita Kimya, kuna mtu aliitikia kabla yake.

"Nipo!"

Mhadhiri akatia alama, akaendelea na jina lingine. Kimya alibaki mdomo wazi, maana ile sauti ilikuwa yake. Siyo hii ya chuoni, iliyokwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Ni ile ya nyumbani, ya kugombana na mdogo wake. Ilitokea kushoto, na kushoto kulikuwa na kiti kitupu na harufu kama ya mkaa uliomwagiwa maji.

Akamshuku mwenzake wa chumbani. Huyo alisomea uuguzi, na kwa kuiga watu hakuwa na mpinzani. Akimwiga matroni wa bweni, wenzake walikimbia kuficha pasi walizokatazwa. Lakini saa ile mwuguzi alikuwa maabara, jengo lingine kabisa. Kimya akaliweka moyoni. Na tusifichane, alifurahi kidogo. Kila majina yalipoitwa jasho lilimtoka mpaka viganjani. Sasa amepata wa kumjibia.

Haikupita wiki, watu asiowajua wakaanza kumsalimia.

"Jana umetuvunja mbavu, wewe!" msichana mmoja alimwambia kwenye foleni ya kantini.

Jana yake Kimya alikuwa amejifungia chumbani, anafua soksi.

Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa alijificha chooni mpaka kipindi kikaisha. Alipotoka, wenzake wa kikundi walimrukia wakamkumbatia. Ameongea kama wakili! Amewapatia alama za juu kuliko vikundi vyote! Angeweza kusema, "Sikuwa mimi." Alitabasamu tu.

Tangu hapo sauti yake ikaanza kupungua. Asubuhi akiagiza chai, mhudumu humwambia, "Sema tena, dada." Anasema tena, na mhudumu anabaki kumtazama midomo.

Kisha mama yake akapiga simu. "Mwanangu, jana ulikuwa na maswali, jamani! Mara nani yuko nyumbani mchana, mara mdogo wako analala chumba gani. Kwani umesahau kwenu?"

Kimya hakuwa amempigia mama yake kwa siku tisa.

Ijumaa, saa nane mchana, akitoka maktaba na vitabu kifuani, alifika kwenye mlango wa chumba chao akasikia maongezi ndani, akasimama, maana mmoja wa waliokuwa wakiongea ni mwuguzi na mwingine ni yeye mwenyewe, anacheka kile kicheko chake cha kukatika katikati, anauliza jambo, anajibiwa, anacheka tena, na ile harufu ya mkaa uliolowa inapita chini ya mlango na kupanda taratibu miguuni, magotini, mpaka puani, naye mkono uko kwenye kitasa na hauwezi kukizungusha.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mwuguzi alikuwa peke yake, na sare yake nusu imekunjwa. Alipomwona Kimya na vitabu, ilimponyoka mkononi.

"Umetoka saa ngapi?" alinong'ona. "Si ulikuwa hapo kitandani? Nimekupa mgongo tu, nakunja nguo, tunaongea."

"Tunaongea nini?" Ilitoka pumzi, siyo sauti.

"Umeniuliza mtoto mdogo anaweza kukaa muda gani bila kuvuta hewa."

Kimya alimkazia macho. Je, ni mchezo wake? "Apa," akasema kwa midomo.

"Naapa kwa kaburi la baba yangu." Na meno yake yalikuwa yakigongana. Mtu haigizi hivyo.

Kimya akaandika namba ya shangazi yake kwenye daftari, mwuguzi akapiga. Shangazi alikuwa fundi cherehani, lakini watu walimwendea pia kwa mambo ya majini, yasiyozungumzwa mbele ya watoto. Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, futi ya kupimia bado iko shingoni. Alimsikiliza mwuguzi mpaka mwisho, kisha akamgeukia Kimya.

"Siku ya kwanza lilipokujibia, ulikataa?"

Kimya akatikisa kichwa.

"Ulifurahi?"

Machozi yakamtoka.

"Basi ulilikaribisha, mwanangu. Mimi nitalishika tu, wa kulifukuza ni wewe. Nikikufinya mkono, sema maneno mawili: 'Rudi ulikotoka.' Usiongeze, usipunguze."

Shangazi akafumba macho, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Harufu ikajaa chumba. Mwuguzi akajibana ukutani. Halafu ile sauti ikaja kutoka kitandani, nzuri, yenye uchangamfu.

"Mbona unanifukuza mimi, Shangazi? Huyo hawezi hata kutaja jina lake. Mwulize. Nani anamjua hapa chuoni? Wote wananijua mimi."

Shangazi akamfinya. Kimya akasukuma. Koo likauma kama linapasuliwa, akahisi ladha ya damu, na hasira ya wiki zote hizo, na woga, na picha ya mdogo wake amelala, vikamjia kwa pamoja, hata alipopata sauti hakukumbuka alichoambiwa. Alijua tu anataka liende.

"Nenda nyumbani!" alipiga kelele. "Nenda nyumbani!"

Kitanda kikalia kama mtu ameinuka. Harufu ikakatika. Mwuguzi akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia.

Shangazi hakusogea. "Nyumbani kwa nani?" aliuliza polepole.

Akatoa simu yake, akampigia wifi yake, mama wa Kimya, kisha akamsogezea Kimya simu sikioni.

"Mama," Kimya alikwaruza, "ni mimi."

"Wifi? Mbona umekauka sauti hivyo?"

"Ni mimi, mwanao. Mtoe mdogo wangu nje!"

Mama akacheka. "Wifi, acha mzaha. Mwanangu huyu hapa, ameingia sasa hivi, hata viatu hajavua. Ngoja nikupe umsalimie."

Simu ikabadilisha mikono. Ikaja sauti safi, changamfu, isiyo na haraka.

"Shikamoo, Shangazi. Mwambie nimefika."