Dokushin wa Sella

"Watashi wa dokushin desu!" Wekulo alisema kwa sauti, mkono kifuani, meno yote nje.

Darasa zima likaangua kicheko. Naye maskini akacheka nao, akidhani amewafurahisha. Ilikuwa sherehe ya kuwaaga wanafunzi wa lugha ya Kijapani waliokuwa wakienda kufanya kazi ng'ambo, pale chuoni mtaa wa Kongo, Kawangware, na kila mgeni aliombwa ajitambulishe kwa lugha hiyo. Wekulo, fundi wa mbao kutoka Kianda, alijiona yuko tayari kuliko wote. Miezi sita mizima alikuwa amemshikia mkewe Sella kadi za maneno kila jioni, nywele zimejaa vumbi la mbao, akimsahihisha kama mwalimu.

"Umesema wewe ni nani?" Mwalimu Ndeti aliuliza akifuta machozi.

"Bwana ya Sella. Dokushin si ni husband?"

"Nani amekudanganya? Dokushin ni single, bana. Mtu hana bibi, hana bwana."

Wekulo akamgeukia mkewe. Sella alikuwa ameinamia sahani ya chapati.

"Sella, si nilikuuliza husband kwa Kijapani ni nini? Si ni wewe ulinipatia hiyo kadi?"

"Twende nje tuongee."

"Na vile nimeipaka kwa mlango ya workshop! Dokushin wa Sella! Kianda yote inasoma!"

"Aki Wekulo, usiniaibishe."

Aibu! Eti yeye ndiye wa kuaibishwa. Walitoka nje hata hivyo.

"Kwa hivyo kila jioni ulikuwa unakariri huna bwana, na mimi ndio nakusahihisha?"

"Ajenti wa kazi za ng'ambo alisema wenye mabwana wanaachwa. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Ningekushikia hiyo kadi nikijua."

Nereah, aliyesoma Kijapani darasa moja na Sella, alikuwa mlangoni na soda mkononi.

"Nani anaachwa?" akauliza. "Mimi si niliandika nina bwana, na tunapanda ndege moja Jumanne?"

Halafu akaona nyuso zao, akarudi ndani haraka. Sella akaanza kulia.

"Sasa niambie ukweli," Wekulo alisema polepole.

"Nilitaka kwenda bila mtu wa kuniuliza narudi lini."

"Miaka nne ya ndoa, Sella. Mamangu kule Webuye anakuita msichana wake."

"Najua."

"Basi mimi nilikuwa nani kwako?"

Sella alifuta kamasi kwa mkono, akatazama chini. Wekulo akatembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Kianda, moyo ukimuuma vibaya sana. Alipofika alichukua msasa, akasugua mlango wa karakana mpaka maneno "wa Sella" yakatoka. Lile la kwanza akaliacha.

Jumanne alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda cha maharusi fulani wa mtaa wa Olympic, ujumbe wa Sella ukaingia kwenye simu.

"Niko airport. Husband ni otto. O-T-T-O. Nisamehe. Ulikuwa otto mzuri kwangu."

Aliusoma mara tatu. Mara ya tatu machozi yakadondoka kwenye ubao wa watu, akayapangusa kwa kiganja kabla hayajaacha alama. Akatazama mlango. Halafu akaandika herufi moja moja, akihakikisha hakosei:

"Watashi wa dokushin desu."

Akatuma, akaizima simu, akaendelea na kitanda.