Sabuni ya Jerikeni na Gauni la Nabwile

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mlionunua gari juzi, sogeeni niwaeleze yaliyompata jirani yangu Hesbon Wabwile wa hapa Kanduyi. Mwenyewe ameniruhusu niseme, mradi nisitie chumvi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa Desemba, boma lao limetulia. Mkewe Rispah, fundi cherehani, alikuwa barazani akishona gauni la harusi la mdogo wake Nabwile. Harusi ilikuwa Jumamosi kule Kitale. Kilichobaki ni pindo na shanga za kifuani. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikiambua maharagwe, na Hesbon alikuwa akilizunguka gari lake la samawati iliyokoza, maana ndilo lingembeba bibi harusi.

Hesbon ni mtu mwema. Ana ugonjwa mmoja tu: bei ikiwa chini, macho yake hayaoni kitu kingine. Aliwahi kurudi sokoni na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, kwa sababu ziliuzwa nusu bei!

Asubuhi ile Rispah alimtuma dukani akanunue sabuni ya gari, kile kichupa kidogo chenye maelezo. Akarudi amebeba jerikeni ya lita ishirini, ndani mna sabuni ya rangi ya waridi, nje hamna hata herufi moja.

"Baba Nafula, hii ni sabuni ya nini?" Rispah akamuuliza mumewe.

"Ya kila kitu! Gari, choo, sakafu. Ati kile kichupa bei yake inakaribia jerikeni yote hii. Si ni kutupa pesa, bana?"

"Imeandikwa wapi kwamba ni ya gari?"

"Kwani tunaosha na maandishi ama na povu?"

Nilicheka kule nilikokuwa. Laiti ningenyamaza nikafikiri.

Wakaanza kuosha saa sita, jua la utosi. Hesbon alijaza karai nusu sabuni, nusu maji. Rispah aliacha cherehani amsaidie ili wamalize upesi, akachovya kitambaa kwa mikono mitupu. Povu likakauka juu ya boneti kabla hawajalisuuza, na lilipooshwa likaacha michirizi myeupe. Hapo mwenye akili angeacha. Hesbon aliamua kwamba sabuni haikutosha, akaimimina bila maji.

"Mikono yangu! Mikono yangu inawaka!" Rispah akapiga mayowe.

Niliruka ua, karai la maharagwe likapinduka huko nyuma. Nikamvuta Rispah hadi kwenye mfereji, nikaishika mikono yake chini ya maji yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha tukampeleka zahanati. Ngozi ya viganja ilikuwa imeanza kuchubuka. Muuguzi alimfunga bendeji mikono yote miwili akamkataza kushika sindano hadi apone.

Tuliporudi, Hesbon alisimama kati ya gari lenye mistari na gauni lisilo na pindo. Mtu mzima yule alilia, ndugu zangu, siwafichi.

"Nisamehe, Mama Nafula. Sasa nani atamalizia?"

Tulikuwa tumepigia mafundi wawili simu, na wote walikuwa wamezidiwa na harusi za Desemba. Rispah alimtazama mumewe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu saa sita.

"Wewe."

"Mimi?"

"Si vidole vyako ni vizima?"

Basi Hesbon, ofisa mzima wa serikali, akafundishwa kutunga uzi. Alishona pindo hadi usiku, akijichoma na kunyonya kidole, Rispah akimwelekeza kwa kidevu. "Hapo. Hapana, hapo. Rudia."

Ijumaa tulifika Kitale, nyumbani kwa Linet Jepkemboi, shangazi ya bwana harusi. Mama huyo ameosha na kung'arisha magari kwa miaka mingi. Alilizunguka gari akishika kiuno.

"Shemeji, hii gari umeiosha ama umeichapa viboko?"

Watu walicheka mpaka Hesbon naye akacheka. Kisha Linet akatuonyesha kichupa chake kidogo. "Angalia. Hii imeandikwa aliyeitengeneza na namna ya kuchanganya. Kifuniko kimoja, ndoo nzima ya maji. Kichupa hiki naweza kuosha nacho gari ya nyumbani miezi mingi. Wewe jerikeni yako umemaliza robo kwa siku moja! Sasa niambie, gani ni rahisi?"

Hesbon akapitisha kidole kwenye mistari ya boneti.

"Rangi haijafa," Linet akamfariji. "Kilichotoka ni ile nta ya juu. Nitajaribu."

Alilipeleka gari kivulini, akalilowesha kwanza, akaliosha, akalipaka nta na kulisugua kwa kitambaa laini hadi likang'aa. Plastiki nyeusi za milangoni tu ndizo zilizobaki na weupe, na weupe huo upo hadi leo. Muda huo wote Hesbon aliketi kwenye stuli akishona shanga, wakwe wakipita kumpa pole na kumpiga picha.

Jumamosi asubuhi Nabwile alilivaa gauni, akajitazama kwenye kioo. Shanga za upande mmoja zilikuwa zimepinda.

"Shemeji, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu. Nilimuumiza dada yako, ndiyo maana."

Nabwile akamkumbatia hadi shanga mbili zikadondoka, vigelegele vikapigwa, wakaenda kanisani.

Mikono ya Rispah ilipona, lakini alikaa wiki tatu bila kushona, na wateja wa Krismasi wakaenda kwingine.

FUNZO

Ndugu zangu, tamaa ya vitu vya bei ya chini huvaa nguo ya busara, ndiyo maana hatuioni. Unaponunua sabuni ya gari, usipime ukubwa wa chombo. Uliza itaosha mara ngapi, soma inavyochanganywa, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na uvae glavu. Na mtu aliyeona haya kuandika jina lake kwenye sabuni aliyoitengeneza, usimwamini na gari lako, sembuse mikono ya mtu umpendaye.