Gogo Lililosimama Mteremkoni

Clovis alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, kitambaa chekundu kichwani, gogo la mkalitusi limemkalia mgongoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ungali umeshika mtaimbo. Juu yake mteremko ulipanda hadi barabara ya Mwadingusha, na huko juu trekta la winchi lilisimama kimya, waya wake wa chuma umevutika hadi kwenye gogo kama uzi wa gitaa.

Inspekta Noëlla Kasongo wa polisi ya Likasi alishuka akishikilia vichaka, viatu vikizama. Alimpiga marehemu picha. Akapiga gogo, akapiga waya. Ndani ya mfuko wa suruali ya Clovis alikuta ufunguo wa trekta.

"Juu ya nini ufunguo iko naye?" aliuliza alipopanda tena.

"Njo desturi yetu, mama Inspekta," alijibu mzee Isidore, mwendesha winchi, akitazama kando kidogo ya uso wake. "Mwenye kushuka chini anabeba ufunguo. Vile hakuna muntu atawasha mashini yeye akiwa chini."

"Basi injini ilikuwa imezimwa. Gogo lilishukaje?"

"Lilinasa kwenye kisiki. Clovis alishuka kulinasua. Breki njo ilikuwa inalishika. Nikaona breki imeachia yenyewe." Mzee alijifunika uso kwa viganja. "Ni mukwe wangu, mama. Bwana ya Laure, mutoto yangu. Laure nitamuambia nini?"

Noëlla alimpa muda alie. Kisha akauliza, "Breki nani aliitengeneza?"

"Amuri, makanika wa Shituru. Wiki iliyopita. Na yeye na Clovis waligombana, bote walisikia."

Inspekta alipanda kwenye trekta. Nati ya mkanda wa breki ilikuwa imelegea. Aliizungusha kwa vidole viwili, bila spana. Hakutaka zaidi. Alikuwa na maiti, alikuwa na kosa, alikuwa na jina.

Amuri walimkuta kwenye kibanda chake Shituru, kifua wazi, mikono myeusi kwa oili. Binti yake Fatu alikuwa anawamiminia wateja chai.

"Weye njo Amuri? Simama. Unakamatwa kwa kifo cha Clovis."

"Clovis amekufa?" Amuri aliangusha spana. Alipoona pingu alisema polepole, "Mama, niache nivae shati kwanza. Mutoto ananiangalia."

"Utavaa huko mbele."

Wateja waliacha vikombe vyao. Jirani mmoja akatema mate chini. "Batu ya mashariki!" alisema kwa sauti. "Shiye tulisema zamani!" Noëlla alilisikia neno hilo, tusi la kuwabagua wageni kama Amuri. Alimsukuma Amuri garini.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na joto jingi.

"Mligombana na Clovis juu ya nini?"

"Alisema nachelewesha kazi. Zile ni kelele za kazi, mama. Zinaishaka na chai."

"Nati ya breki ilikuwa imelegea."

"Haiwezekani. Nati niliikaza, nikaweka ingine juu yake ya kuifunga. Uliziona mbili?"

Noëlla alisukuma kiti chake nyuma.

"Uliona mbili ao moja?"

"Hapa mwenye kuuliza ni minye," alisema, akatoka.

Aliketi ofisini kwake, akafungua picha za eneo la tukio kwenye simu. Nati ilikuwa moja. Mashine inayotetemeka huweza kulegeza nati, hilo alilijua. Lakini nati mbili zilizofungana hazifunguki bila spana, tena spana ya mtu mwenye nia. Basi Amuri anadanganya, au kuna mkono mwingine uliopita pale.

Akaitazama picha ya waya. Akaikuza kwa vidole viwili, akaufuata waya mpaka kwenye gogo.

"Hénoc!" alimwita konstebo wake. "Angalia hapa. Breki ikiachia yenyewe, gogo linafika wapi?"

Hénoc alikuna kidevu. "Mpaka mtoni, chef. Ule mteremko ni kama sabuni."

"Na hili liko wapi?"

"Katikati."

"Limeshikwa na nini?"

"Na waya. Waya umekaza..." Hénoc aliisogeza simu karibu na macho. "Kumbe, chef. Breki ilishika tena!"

"Breki iliyokufa haijifufui. Kuna mtu aliilegeza, halafu akaikaza. Ile nati ililegezwa baadaye, ili minye niione." Alisimama. "Nikaiona vizuri sana, kama nilivyotakiwa."

Picha ile aliipiga mwenyewe. Alikuwa amesimama kando ya waya uliokaza, na hakufikiri. Kwa sababu mzee alikuwa analia, na anayelia wa kwanza huaminiwa. Sasa aliyakumbuka pia macho ya mzee, yaliyotazama kando ya uso wake alipokuwa akijibu.

Walimkuta Isidore kule juu, ameketi kwenye bati la tairi la trekta. Noëlla alimnong'oneza Hénoc neno moja, kisha akasema kwa sauti, "Hénoc, shuka chini na kitambaa chekundu. Simama pale Clovis alipokuwa anasimama."

Hénoc alishuka hadi kwenye kisiki, akatundika kitambaa juu ya kichaka. Kisha akazunguka kwa njia ya mbuzi, akarudi juu kimyakimya, akasimama nyuma ya Inspekta huku jasho likimtoka.

"Papa Isidore, nifundishe kazi yenu. Clovis akishamaliza kunasua, alikuwa anafanya nini?"

"Anajitenga pembeni, anapunga kitambaa. Minye nalegeza breki kidogo, gogo linarudi nyuma, linaachana na kisiki."

"Konstebo wangu amefika?"

Mzee alikunja uso kuelekea bondeni. Upepo uliinua kitambaa, ukakishusha.

"Amefika."

"Anafanya nini?"

"Anapunga."

"Yuko pembeni? Breki unaweza kuilegeza?"

"Yuko pembeni, mama. Namuona muzuri kabisa."

"Hénoc," alisema Noëlla, "muamkie papa."

"Jambo, papa," Hénoc alisema nyuma ya bega la mzee.

Isidore hakugeuka. Mikono yake ilitafuta ukingo wa bati, ikaushika.

"Tangu lini?" aliuliza Inspekta.

"Tangu kiangazi cha mwaka jana. Ni kama moshi. Kila siku moshi unaongezeka."

"Siku ile uliona nini?"

"Chekundu kinacheza. Nikasema, ameisha kujitenga. Nikalegeza. Kumbe kitambaa alikuwa amejifunga kichwani juu ya jasho, angali anapiga mtaimbo. Nikasikia gogo limegonga kitu ambacho si udongo. Nikakaza."

"Hakupiga kelele?"

"Mukwe hamupigiaka baba-mukwe kelele, mama. Hata akifa."

Bondeni mto Lufira ulisikika ukipita.

"Nati ya pili iko wapi?"

"Niliitupa majini." Alipangusa pua kwa kiganja. "Mama, minye ni muntu ya mashini. Nikipita, banasema, huyu njo papa ya winchi. Bila macho mashini watanyang'anya. Nitakuwa muzee wa kukaa penye mulango, wa kuongozwa kwa mukono kwenda choo. Nilisikia haya. Na kusema nimemuua bwana ya mutoto yangu, nilisikia haya kupita."

"Na Amuri? Kwake hukusikia haya?"

"Amuri haiko na ndugu hapa. Nikajua mukiambiwa ni yeye, mutakubali mbio."

Noëlla alitaka kukasirika, lakini hakukuwa na mahali pa kuisimamisha hasira. Mzee alikuwa amempima, na kipimo kilikuwa sawa.

Laure alikuja kituoni akiwa na kitambaa cha msiba kichwani. Baba yake alisikia hatua zake, akainamisha uso mpaka magotini.

"Laure, mutoto yangu, sikuona..."

"Clovis alijua, papa."

Mzee aliinua kichwa.

"Alijua tangu Pasaka. Nilimuambia, mwambie papa aache winchi. Akasema, 'Mukwe wangu nitamuambia vipi kwamba haoni? Nitakuwa nimemuvua nguo mbele ya batu. Acha nishuke tu, nitajiangalia.'" Sauti yake haikupanda. "Alikufunika, papa. Na weye ukaenda kumuvua mwenzio nguo."

Isidore alilia bila kujifunika safari hii.

Noëlla alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Alimrudisha Amuri Shituru kwa miguu, mchana, katikati ya barabara, yeye mbele katika sare yake. Penye kibanda alisimama, akangoja watu wakusanyike. Walikuja haraka, kama walivyokuja siku ya pingu.

"Huyu mtu hana kosa," alisema kwa sauti. "Breki aliitengeneza vizuri. Mwenye kukosea ni minye. Sikuuliza, nilikimbilia jina lake." Akamgeukia Fatu. "Na weye, mutoto, unisamehe."

Fatu alimtazama baba yake kwanza. Kisha akaingia ndani ya kibanda.

Jirani yule aliyetema mate alikuwa anakagua kucha zake.

Amuri aliokota spana yake, akaifuta mavumbi kwa upindo wa shati. "Asante, mama Inspekta," alisema kwa adabu, bila kumtazama. "Sasa uende. Wateja banaogopa kukaa."